Ziara za Wanafunzi: Basi Lipitalo Kondoa Bila Kusimama

Kila mwaka, shule zinapokaribia kufungwa, mabasi yaliyojaa wanafunzi wa sekondari huonekana katika barabara kuu yakielekea katika mbuga za wanyama. Wazazi wamechanga fedha, walimu wameandika barua za kuomba ruhusa, na wanafunzi wanaimba njia nzima. Safari hizi huitwa ziara za mafunzo. Jina ni zuri, lakini hapana budi kuuliza kama linastahili. Mwanafunzi aliyemwona tembo kwa dakika kumi kupitia dirishani, akapiga picha, kisha akarudi shuleni usiku akiwa amechoka, amejifunza jambo gani ambalo asingeweza kulipata katika kitabu?

Jibu la swali hili limelala kando ya barabara ile ile. Wanafunzi wanaotoka Dodoma kwenda Tarangire au Ngorongoro hupitia barabara ya Babati, ambayo lami yake ilikamilika na kufunguliwa rasmi mwaka 2018. Njiani wanakatiza wilaya ya Kondoa na vilima vya Irangi, mahali ambapo ardhi imeandika kwa makorongo historia ya binadamu na mazingira yake. Hapo pana somo la jiografia, biolojia, uraia na hesabu kwa pamoja. Hata hivyo, aghalabu basi halisimami, kwa kuwa Kondoa haina simba.

Chimbuko la fikra

Wazo la kumtoa mwanafunzi darasani ili ayajue mazingira si geni katika Afrika ya Mashariki. Mwezi Septemba 1961 Mwalimu Julius Nyerere alitoa Azimio la Arusha juu ya wanyamapori, akasisitiza wajibu wa taifa changa kuwatunza wanyama hao kwa ajili ya vizazi vijavyo. Nchini Kenya vilabu vya wanyamapori vya wanafunzi vilianza mwaka 1968. Tanzania ikaanzisha vilabu vya Malihai mwaka 1980. Kati ya miaka hiyo, mwaka 1967, siasa ya Elimu ya Kujitegemea ililaumu shule inayomtenga kijana na maisha ya jamii iliyomzaa.

Huko duniani nako mambo yalisogea. Mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya mazingira ulifanyika Stockholm mwaka 1972, na ule wa elimu ya mazingira ukafanyika Tbilisi mwaka 1977. Mwaka 1987 tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ilieneza fikra ya maendeleo endelevu, yaani maendeleo ambayo watu wa leo hawayajengi kwa kuwanyang'anya wale watakaozaliwa kesho. Hatimaye, katika malengo ya maendeleo yaliyopitishwa na mataifa mwaka 2015, shabaha ya 4.7 inataka kila mwanafunzi apate maarifa ya maendeleo hayo pamoja na ya uraia wa dunia.

Uraia wa dunia usidhaniwe kuwa ni pasipoti au tabia ya kusafiri sana. Ni mazoea ya akili. Raia wa dunia ni mtu ambaye, akiona faida mahali fulani, huuliza ni nani aliyebeba gharama yake. Na akiona hasara, huuliza chanzo chake kiko umbali gani. Mazoea hayo hayafundishwi kwa hotuba. Hufundishwa kwa kumsimamisha kijana mbele ya jambo halisi na kumpa muda wa kulichunguza.

Somo la Kondoa

Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi kama HADO, kwa msaada wa Sweden. Katika vilima vya Irangi mvua ilikuwa imechimba makorongo yenye kina kirefu, na mito ilikuwa imegeuka kuwa njia pana za mchanga. Wakoloni wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kujaribu kabla ya Uhuru kuikomesha hali hiyo kwa kuwalazimisha wananchi kulima matuta na kupunguza mifugo. HADO nayo ilichimba makinga maji na kupanda miti, lakini mifugo iliendelea kula kila chipukizi lililoota. Ndipo mwaka 1979 ilipoamuliwa kwamba mifugo yote iondolewe katika eneo lililomomonyoka, lenye ukubwa wa kiasi cha kilometa za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda kwa makumi ya maelfu wakahamishwa.

Matokeo yake yalionekana kwa macho. Baada ya miaka michache nyasi na vichaka vilirudi vilimani, makorongo mengi yakaanza kutulia, na baadhi ya mito ya mchanga ikawezekana kulimwa kandokando yake. Wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikuja kutazama.

Lakini somo haliishii hapo. Familia iliyokuwa na ng'ombe ilipoteza maziwa ya watoto, samadi ya shamba na maksai wa kulimia. Mifugo haikuyeyuka hewani. Mingi ilipelekwa kwa ndugu na marafiki katika nyanda za jirani, na malisho ya huko yakaelemewa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo ilipoanza kuruhusiwa tena kufuga ng'ombe wachache wa maziwa, tena kwa kuwalisha zizini. Isitoshe, watafiti waliochunguza udongo uliorundikana mabondeni wamegundua kwamba mmomonyoko wa Irangi una historia ndefu kuliko utawala wowote wa kikoloni. Basi hata swali la nani alaumiwe si jepesi kama linavyoonekana barabarani.

Mzigo uliohamishwa

Hapa ndipo Kondoa inapokuwa darasa la dunia nzima. Kilima kimoja kilipona, na sehemu ya mzigo wake ikahamia bondeni kwa jirani. Mwanafunzi akilielewa jambo hilo kwa kulitazama korongo lenye nyasi na kumsikiliza mzee aliyetoa ng'ombe wake, hatapata shida kuelewa mambo makubwa zaidi. Ataelewa kwamba zipo nchi tajiri ambazo misitu yake inaongezeka, huku zikiagiza mbao, soya na mafuta ya mawese kutoka katika nchi ambazo misitu yake inapungua. Ataelewa pia kwa nini moshi wa viwanda vya bara moja unaweza kubadili majira ya mvua ya bara jingine. Kanuni ni ile ile: mzigo uliohamishwa si mzigo uliokwisha.

Mtu anaweza kudai kwamba haya yote yangeweza kuelezwa ubaoni. Ni kweli, yangeweza kuelezwa, lakini yasingeaminika. Ubaoni hifadhi ni neno jema lisilo na mpinzani. Kondoa hifadhi ina gharama, na gharama hiyo ina jina la mtu na idadi ya ng'ombe wake. Kijana anayekutana na pande zote mbili za jambo hawezi tena kukariri jibu moja. Hulazimika kupima.

Kupima badala ya kutazama

Kupima huko hakuhitaji maabara. Mkebe usio na kitako, saa, kamba yenye alama, na daftari vinatosha. Mkebe ukididimizwa kidogo ardhini na kumiminiwa lita moja ya maji, wanafunzi wanaweza kuhesabu dakika zinazopita kabla ya maji kuisha. Wakifanya hivyo mara kadhaa katika ardhi tupu na mara kadhaa chini ya kichaka, watakuwa na tarakimu zao wenyewe juu ya faida ya majani.

Miti nayo hutunza kumbukumbu. Pale ambapo udongo umechukuliwa, mizizi huachwa wazi. Tuseme mti uliopandwa miaka 20 iliyopita umeachwa na mizizi iliyo wazi kwa sentimeta 10. Hiyo ni wastani wa milimita 5 kwa mwaka. Udongo wa unene wa milimita 1 juu ya hekta moja ni meta 10 za ujazo. Kwa hiyo milimita 5 ni meta 50 za ujazo. Ikichukuliwa kwamba meta moja ya ujazo ya udongo mkavu ina uzito wa kiasi cha tani 1.3, basi shamba lililomomonyoka kwa kasi hiyo hupoteza tani 65 kwa hekta kila mwaka. Mwalimu mwangalifu atauliza papo hapo: je, mti mmoja unaweza kusema kwa niaba ya kilima kizima? Swali hilo ni mwanzo wa sayansi. Litawafanya wanafunzi watafute miti kumi mingine.

Ziara ya namna hii huanza wiki kadhaa kabla ya safari, kwa swali lililoandikwa na wanafunzi wenyewe. Haimaliziki basi linaporudi. Humalizika siku ambapo matokeo yamejadiliwa na taarifa imeandikwa.

Wenyeji si maonyesho

Taarifa hiyo iandikwe kwa ajili ya nani? Nakala ya kwanza yafaa ipelekwe kwa kijiji kilichowapokea wanafunzi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wanafunzi wanaofika kijijini, wakauliza maswali, wakapiga picha na kutoweka, wamechukua bila kurudisha. Huwezi kumfundisha kijana haki baina ya mataifa kwa safari ambayo yenyewe haina haki baina ya mgeni na mwenyeji.

Jambo hili linawahusu pia vijana wanaoletwa kwa makundi kutoka Ulaya na Marekani kujifunza uraia wa dunia katika vijiji vya Afrika. Wengi huja kwa nia njema, hupaka rangi ukuta wa darasa, kisha huondoka wakiamini kwamba wameuona umaskini. Wangejifunza zaidi kama wangekaa dawati moja na wanafunzi wenyeji, wakapima korongo lile lile, kisha wakaulizwa bidhaa za mezani kwao hutoka katika ardhi ya nani. Elimu ya namna hiyo haitoki upande mmoja kwenda mwingine, hukutana katikati.

Gharama na mitihani

Zipo hoja mbili za kupinga ambazo haziwezi kupuuzwa. Ya kwanza ni fedha. Katika shule nyingi ziara hulipiwa kwa michango, na wale wasioweza kuchanga hubaki bwenini au nyumbani. Ni kinyume cha akili kufundisha usawa wa binadamu kwa safari inayowaacha nyuma watoto wa maskini. Ikiwa darasa zima haliwezi kwenda mbali, basi darasa zima liende karibu.

Karibu napo kuna dunia nzima. Mwanafunzi wa Mwanza anaweza kutembea kwa miguu hadi mwaloni. Atakuta sangara, samaki aliyepandikizwa katika ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, ambaye kuenea kwake kulichangia kutoweka kwa aina nyingi za furu. Atajifunza kwamba minofu ya samaki huyo husafirishwa hadi Ulaya, na mapanki huuzwa kwa wananchi wa kipato cha chini. Atayaona magugu maji, mmea wa asili ya Amerika ya Kusini, ambao katika miaka ya 1990 ulishambuliwa kwa kutumia wadudu walioletwa makusudi. Ziwa lenyewe ni la nchi tatu, nazo ziliunda mwaka 1994 shirika la pamoja la kusimamia uvuvi. Nauli ya safari hiyo ni jozi ya viatu.

Hoja ya pili ni mitihani. Walimu husema kwamba muhtasari wa masomo ni mrefu na muda ni mfupi. Hoja hii ina uzito, lakini inazigusa zaidi ziara za burudani. Mwanafunzi aliyekokotoa tani za udongo kwa vipimo vyake mwenyewe amesoma ujazo, wastani, mmomonyoko na matumizi ya ardhi kwa siku moja, wala hatayasahau kwa urahisi katika chumba cha mtihani.

Mbuga za wanyama zibaki, na wanafunzi waendelee kuzitembelea. Ni haki yao kuijua mali ya taifa lao. Lakini tembo asiwe ndiye mwalimu pekee. Wakuu wa shule, wazazi na wakaguzi wa elimu wanayo nafasi ya kuweka masharti matatu mepesi kabla ya kuidhinisha ziara yoyote: kwamba wanafunzi wana swali, kwamba hakuna atakayeachwa kwa sababu ya fedha, na kwamba wenyeji watarudishiwa kilichopatikana. Ziara isiyotimiza masharti hayo iitwe kwa jina lake, yaani matembezi, na isitafutiwe jina la elimu. Na basi jingine litakalopita Kondoa lisimame, japo kwa saa tatu, ili vijana washuke na mikebe yao.