RAM Imepanda Bei: Form ni Kutunza Ile Uko Nayo

Kama ulikuwa unangoja mwisho wa mwezi uongeze RAM kwa laptopu, pole msee, hesabu imebadilika. Disemba 2025, Micron ya Marekani ilitangaza inaacha kuuzia watu wa kawaida RAM za Crucial. Mbona? Samsung, SK Hynix na Micron ndio wanatengeneza sehemu kubwa ya RAM duniani, na sasa chipu zinaenda kwa seva za akili mnemba, maana huko ndiko kuna doh. Sisi wa Luthuli Avenue tunabaki kugombania makombo.

Kwa hivyo mashine ikianza kukwama na skrini ya buluu, usikimbie dukani. Izime, toa chaja na betri, chomoa RAM, pangusa meno yake polepole na raba, kisha rudisha. Bado? Pima na MemTest86 usiku mzima. Iko ya bure. Kama ni vipande viwili, pima kimoja kimoja. Chenye kinatoa makosa ndicho mgonjwa.

Ukilazimika kununua ya mitumba, itisha risiti na siku za kurudisha. Na ujue DDR4 haiingii kwa nafasi ya DDR5, hata muuzaji aape.