Breki za magari ya kale zisinunuliwe kwa macho

Kuna mazoea yaliyoota mizizi miongoni mwetu ambayo hapana budi yakomeshwe. Mtu ana Peugeot 504 aliyorithi kwa babake, au shule ina Land Rover ya zamani inayobeba kuni na maji. Breki zikianza kulegea, kipuri kilichochakaa hufunguliwa, kikafungwa katika kipande cha gazeti na kupelekwa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, au katika mtaa kama huo mjini kwingine. Muuzaji hukitazama, akakipima kwa kiganja, kisha akatoa kingine kinachofanana nacho. Bei huafikiwa na mnunuzi akaenda zake akidhani kwamba mambo yamekwisha. Nasema hapo ndipo yanapoanza.

Hoja yangu ni moja: kipuri cha breki hutafutwa kwa nambari na kwa vipimo, wala si kwa sura. Na wanaostahili kuwa mstari wa mbele kulitetea jambo hili ni walimu na wanafunzi, kwa kuwa elimu inayohitajika tayari imo katika vitabu vyao vya fizikia.

Tuanze na sura. Land Rover za zamani, ile fupi ya inchi 88 baina ya ekseli na ile ndefu ya inchi 109, hufanana usoni kama pacha. Hata hivyo, kwa miaka mingi ile fupi ilitumia dramu za inchi 10 ilhali ndefu ilitumia dramu za inchi 11. Viatu vya breki vya moja si vya nyingine. Peugeot 504, iliyozinduliwa nchini Ufaransa mwaka 1968 na baadaye ikawa inaundwa papa hapa Mombasa, nayo ina kitendawili chake. Baadhi zilikuwa na diski kwenye magurudumu ya nyuma. Nyingine, zikiwemo zile ndefu za safu tatu za viti zilizosafirisha abiria baina ya miji yetu, zilikuwa na dramu. Fauka ya hayo, kampuni hiyo ilipata breki kutoka kwa watengenezaji zaidi ya mmoja, wakiwemo Girling na Bendix. Anayemwambia muuzaji kwamba anataka "breki za 504" bado hajasema lolote.

Sasa tuingie darasani. Kila mwanafunzi wa shule ya upili amekariri kanuni ya Pascal, kwamba shinikizo linalotiwa kwenye kiowevu kilichofungiwa husambaa pande zote kwa kiasi kile kile. Mfano unaotolewa vitabuni aghalabu ni breki za gari. Basi natuutumie. Chukua masta silinda mbili, moja ikiwa na tundu la kipenyo cha robo tatu ya inchi, yaani milimita 19 hivi, na nyingine ya sehemu saba kwa nane za inchi, yaani milimita 22 hivi. Kwa nje huenda zikafanana, na hata bolti zikaingia bila taabu. Tofauti ni milimita 3 tu. Lakini eneo la duara hutegemea kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe. Kwa hiyo eneo la pistoni ya pili limezidi la kwanza kwa asilimia 36. Mguu ule ule, ukikanyaga kwa nguvu zile zile, sasa utatoa asilimia 73 tu ya shinikizo la awali. Zaidi ya robo ya nguvu za breki imepotea dukani! Na ukikosea kinyume chake, ukatia ndogo palipohitaji kubwa, pedali itazama zaidi na huenda ikagusa sakafu kabla ya gari kushikwa.

Kosa hilo halijitangazi mtaani, kwenye barabara tambarare. Hujitokeza gari likiwa limejaa watu na mizigo, likiteremka Mai Mahiu, huku dereva akikanyaga na kukanyaga tena. Majuto ni mjukuu.

Wapo watakaoniambia kwamba magari ya kale ni anasa ya matajiri wanaoyang'arisha kwa maonyesho. Sikubaliani nao. Mengi bado yanabeba mboga sokoni, maziwa na watoto wa shule. Isitoshe, gari lisiloshikika halichagui litakayemgonga.

Wengine watasema kwamba serikali ndiyo ipambane na wauzaji wa bidhaa bandia. Naam, sheria dhidi ya bidhaa ghushi tunayo tangu mwaka 2008, na itekelezwe. Lakini hakuna sheria itakayomnasa muuzaji wa kipuri halisi kabisa ambacho hakikuundiwa gari lako. Hapo mlinzi ni maarifa ya mnunuzi mwenyewe.

Wala siwadharau mafundi wetu wa jua kali. Kinyume chake, fundi stadi anayevigongomea bitana mpya viatu vya asili vya breki, au anayekereza mkebe mpya na kuutia ndani ya masta silinda iliyolika ili kipenyo chake kirejee kilivyokuwa, mara nyingi anafanya kazi salama kuliko anayelazimisha kipuri kipya cha gari jingine. Jambo la kusisitiza ni kwamba fundi huyo hupima. Hujua pia kwamba dramu ina kikomo cha kukerezwa, na kwamba raba za breki hazioshwi kwa petroli wala dizeli kwa sababu huvimba na kuharibika.

Ni nini basi kifanywe? Kwanza, mwenye gari anakili nambari ya chasisi na mwaka wa kuundwa kabla ya kutoka nyumbani. Pili, asome jina na nambari zilizochorwa kwenye kipuri chenyewe. Tatu, kipenyo cha tundu, upana wa dramu na unene wa diski vipimwe kwa vernia, kifaa ambacho kila mwanafunzi wa fizikia anakijua. Nne, pedi au viatu vibadilishwe pande zote mbili za ekseli kwa pamoja. Tano, yote yaandikwe, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Nawasihi walimu wa fizikia waombe masta silinda kuukuu kutoka gereji iliyo jirani, zisafishwe, zipelekwe maabara, na wanafunzi wapime na kukokotoa kama nilivyofanya hapo juu. Zoezi hilo halina gharama. Mwanafunzi atakayelifanya hatakuwa tu amejiandaa kwa mtihani wa KCSE, bali siku moja atasimama mbele ya kaunta ya duka la vipuri, atoe kipimo chake mfukoni, na akatae kwa adabu kile kinachofanana lakini kisichofaa. Shime walimu! Rahisi ni ghali, na bei ya breki za kukisia hulipwa kwa roho za watu.