Ukuta Haulei Mtoto

Wahenga walituachia neno: udongo uwahi ungali maji. Tunalisikia vinywani mwa wazee, walimu na hata mahakimu, hasa mtoto anapokamatwa na mali isiyo yake. Lakini wengi wetu tumelishika nusu. Tunakumbuka kuwahi tu, kisha tunamwahi mtoto kwa fimbo, kwa pingu na kwa chumba chenye kufuli. Mfinyanzi tumemsahau. Nenda ukamwangalie akiwa kazini. Haufungii udongo ghalani akangoja utoke chungu. Huuweka mbele yake, akaulowesha, akaushika kwa mikono yote miwili, na unapopinda yeye ndiye wa kwanza kujua. Udongo ulioachwa peke yake hukauka jinsi ulivyo, kisha hupasuka.

Leo nataka nikusimulie habari za mtu aliyepewa udongo huo pamoja na cheo cha serikali, ili tupime pamoja cheo ni cha nini na mtoto aliyekosea ni wa nani. Jina lake Jerome Miller, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1931 katika jimbo la North Dakota. Ujanani alisomea upadri, akaacha, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika Jeshi la Anga la nchi yake, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Ohio State. Mwaka 1969 Gavana Francis Sargent wa jimbo la Massachusetts alimteua kuwa kamishna wa kwanza wa idara mpya ya vijana. Chini yake zikawekwa shule zote za maadilisho za jimbo lile, na watoto wote waliokuwa ndani yake.

Shule hizo hazikuanzishwa na watu wabaya. Ile kongwe, iliyofunguliwa Westborough mwaka 1848, ilikuwa ya kwanza ya aina yake kumilikiwa na jimbo katika Marekani nzima. Theodore Lyman, aliyepata kuwa meya wa Boston, alitoa fedha zake mwenyewe ijengwe, kwa sababu hakutaka watoto walale jela pamoja na watu wazima. Nia ilikuwa njema. Lakini miaka 11 tu baadaye, mwaka 1859, moto uliowashwa na mmoja wa wavulana uliteketeza sehemu kubwa ya jengo. Mtoto hachomi nyumba anayopendwa ndani yake. Wakubwa hawakuisoma barua ile iliyoandikwa kwa moto. Walijenga tena, wakaipa shule jina la mfadhili wake, na maisha yakaendelea kwa zaidi ya miaka 100.

Miller alikuta nini? Alikuta watoto walionyolewa vichwa, wakitembezwa kwa mstari kimya kimya, pasipo ruhusa ya kusemeshana. Katika shule ya Shirley palikuwa na nyumba maalumu ya kuwatiishia waliotoroka au kujibu wakubwa zao. Wapo waliopigishwa magoti juu ya sakafu ngumu saa nyingi, na wapo waliosuguishwa sakafu kwa mswaki wa meno. Hebu ushike mswaki huo mkononi, msomaji, ufikirie ukubwa wa ukumbi na udogo wa mkono. Kazi ile haikumfundisha mtoto usafi wala ufundi. Ilimfundisha kwamba mwenye nguvu humfanya mnyonge apendavyo, na somo hilo ndilo alilotoka nalo mtaani.

Kamishna mpya alianza kama ambavyo ungeanza wewe au mimi. Alitaka kuiponya nyumba ikiwa imesimama. Alifuta amri ya ukimya, akaruhusu watoto wafuge nywele na wavae nguo zao, akakataza vipigo. Alimwalika Maxwell Jones, daktari bingwa wa magonjwa ya akili kutoka Uingereza, awafundishe watumishi namna ya kukaa na watoto kama watu wa nyumba moja. Alihubiri, alishauri, alitembelea. Lakini amri iliyotolewa mchana ofisini ilipofika usiku kwenye mabweni ilikuwa imekwisha nguvu. Wengi wa watumishi wa zamani walikuwa na ajira zisizogusika, na wanasiasa waliowaajiri walikuwa nyuma yao. Watoto walipotoroka, lawama ilimwendea aliyefungua mlango, na hakuna aliyeuliza wanakimbia nini.

Hapo ndipo Miller alipoona jambo ambalo viongozi wengi hulikwepa maisha yao yote. Aliona kwamba hata akifaulu, hata akizifanya shule zile kuwa nzuri, kamishna atakayemfuata ataweza kuzirudisha zilivyokuwa kwa barua moja. Cheo ni koti la kuazima. Mwenyewe akija hulivaa, na lile ulilolishona mfukoni huenda nalo. Kama kweli alitaka mtoto asipigishwe tena magoti katika sakafu ile, ilibidi pasiwe na mtoto wala sakafu.

Akaishika sheria akaisoma upya. Ilisema kwamba mahakama humkabidhi mtoto kwa idara, haikutaja shule fulani. Basi mwenye kuamua mtoto alale wapi ni idara, na mkuu wa idara ni yeye. Hakuhitaji sheria mpya wala jengo jipya. Alihitaji kuutumia uwezo ambao waliomtangulia walikuwa nao mezani kwa miaka na hawakuunyanyua. Wangapi katika wakubwa wetu wanalalamika kwamba mikono yao imefungwa, na kumbe kamba imelala tu juu ya mikono, haikufungwa fundo?

Nyumba ya Bridgewater, moja ya zile zilizokuwa chini ya idara, ilitangulia kufungwa mwaka 1970. Zikafuata nyingine. Kisha, Januari 1972, katikati ya baridi kali na wabunge wa jimbo wakiwa mapumzikoni, msafara wa magari uliingia shule ya Lyman, ile kongwe yenye historia ya miaka zaidi ya 120. Watoto wapatao 100 wakapakiwa na vifurushi vyao wakapelekwa Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Amherst. Kule hawakupokewa na askari. Walipokewa na wanafunzi wa chuo, vijana waliowazidi umri kwa miaka michache tu, na kila mtoto akapewa mwanafunzi wake wa kumwangalia. Walikaa hapo kama mwezi mmoja huku wakitafutiwa pa kwenda: wengine kwao, wengine kwa familia za malezi, wengine katika nyumba ndogo za vijana wachache, wengine shuleni na kazini. Wale wachache sana waliokuwa hatari kweli kweli waliwekewa sehemu ndogo zenye ulinzi.

Upo usemi mwingine nitakaojibiwa nao, nao ni wa haki: mchelea mwana kulia hulia yeye. Nitaambiwa kwamba mtoto aliyeiba akihurumiwa atajifunza kuwa wizi una faida, na kwamba aliyeibiwa naye ana machozi yake. Sibishi. Mwizi wa leo mwenye miaka 14 anaweza kuwa jambazi wa kesho, na hakuna huruma katika kumwacha awe. Tena nitaambiwa kwamba Miller alifanya haraka mno, aliwatoa watoto kabla ya makao mapya kukamilika, na hesabu za idara zikavurugika. Hilo nalo lina ukweli, na wabunge walimhoji kwa ukali.

Lakini tutazame matokeo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, wakiongozwa na Lloyd Ohlin, waliyafuatilia mabadiliko yale kwa miaka kadhaa. Hawakuripoti muujiza. Kwa jumla ya jimbo, waliorudia makosa hawakupungua. Ila mahali ambapo wenyeji walijenga huduma nyingi na za namna mbalimbali, mtoto akapata wa kumfaa, hapo hali ilikuwa nafuu. Wimbi la uhalifu lililotabiriwa halikuja. Mwaka 1989 watafiti wengine walipolipima tena jimbo lile, walikuta limesimama vizuri mbele ya majimbo yaliyoendelea kutegemea kuta. Nalisisitiza hili kwa sababu lina fundisho la pande zote mbili. Kufungua mlango peke yake hakumponyi mtoto. Kinachomponya ni yule anayemsubiri upande wa pili wa mlango.

Na gharama je? Miller hakuchoka kuwakumbusha wakubwa kwamba fedha zilizotumika kumfungia mtoto mmoja kwa mwaka zingetosha kumsomesha Harvard. Walipa kodi walikuwa wakinunua mswaki wa kusugulia sakafu kwa bei ya shahada ya chuo kikuu.

Mapema mwaka 1973 aliondoka, akaenda kuongoza idara ya watoto Illinois, na baadaye Pennsylvania, ambako alipigania vijana watolewe katika gereza la Camp Hill walikochanganywa na watu wazima. Popote alipokwenda alipata maadui, na hakukaa sana katika cheo chochote. Mwaka 1977 alianzisha kituo cha kutafuta njia nyingine badala ya magereza, akaendelea na kazi hiyo mpaka uzeeni, na alifariki mwaka 2015. Lakini Lyman haikufunguliwa tena. Koti lilirudi kwa wenyewe, kazi ikabaki.

Sasa tugeukie nyumbani, maana mawaidha yasiyofika mlangoni kwa msikilizaji ni kelele tu. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Imeanzisha Mahakama ya Watoto. Inaruhusu mtoto aliyetiwa hatiani aachiliwe kwa masharti, awekwe chini ya uangalizi, au apelekwe shule ya maadilisho kama ile ya Irambo, Mbeya. Kenya nao, kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, wamepandisha umri wa mtoto kubeba jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Karatasi zetu ni nzuri, na waliozipigania tuwashukuru.

Lakini uangalizi wa nani? Sheria ikisema mtoto aachiliwe chini ya uangalizi, inakutaja wewe bila kuandika jina lako. Inamtaja mjomba anayeogopa kwenda kumdhamini, na mtoto anabaki mahabusu kwa kukosa mtu mzima mmoja wa kuweka saini. Inamtaja fundi wa gereji anayeweza kumpokea mmoja ashike spana. Inamtaja mwalimu mkuu anayesitasita kumrudisha darasani, na jirani asiyetaka nyumba ya vijana ijengwe mtaani kwake. Afisa ustawi wa jamii ni mmoja na kata ni kubwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Niliyaona haya kwa macho yangu katika soko la mtaa nilioishi zamani. Mvulana wa miaka kama 12 alikamatwa mkono ukiwa kwenye kanga ya mama muuza samaki, pale alipofunga fundo la fedha zake. Watu wakajaa. Mmoja akashika mpini wa jembe. Yule mama akajipenyeza, akamshika mtoto kifundo cha mkono, hakukiachia. "Wewe mtoto wa nani? Umekula?" Watu wakamwambia, "Mama, huyu mwizi huyu, ukimwonea huruma leo, kesho atarudi." Akajibu, "Akirudi atanikuta." Akampa ndoo akamwambia kesho alfajiri aje ambebee barafu.

Alikuja siku ya kwanza. Alikuja ya pili. Siku ya tatu hakuonekana, na hapo ndipo nilipojifunza. Yule mama aliifunika meza yake kwa gunia, akamwachia jirani aiangalie, akaenda kumtafuta uchochoroni huku kanga ikiwa bado na magamba ya samaki. Alirudi naye kabla ya jua kupanda. Nilipohama mtaa ule, mtoto alikuwa bado anabeba ndoo.

Ukuta ungefanya nini siku ile ya tatu? Ukuta hauna habari nani hakuja. Haumwulizi mtoto amekula nini, wala haufuniki meza yake kwenda kumtafuta.

Basi, wenye vyeo, nawaomba: msingoje kustaafu ndipo mseme mlivyotamani kufanya. Someni upya sheria mliyonayo mezani, mwone imewapa nini ambacho hamjakinyanyua. Ninyi mahakimu, kabla ya kuandika jina la mtoto kwenye hati ya kumpeleka nyuma ya ukuta, ulizeni mara mbili kama kweli hakuna mtu. Na sisi wengine tusiwaachie kazi wao peke yao. Ikitokea siku jina la mtoto wa mtaani kwako linaitwa mahakamani, vaa viatu uende. Wakikuuliza atakaa wapi, wajibu. Na wakikuambia kesho atarudia, wajibu kama alivyojibu yule mama wa samaki: akirudi, atanikuta.