Njaa ya utotoni ni deni la utu uzima

MWENYE njaa hana miiko, walinena wahenga. Walilenga njaa ya leo. Utafiti unaonyesha kuwa hata njaa ya zamani, iliyokwisha kusahaulika, humwandama mtu hadi ukubwani.

Baadhi ya waliokuwa tumboni Uholanzi ilipokumbwa na njaa mwaka wa 1944 na 1945 walipatikana ukubwani wakiugua moyo, na miili yao ikishindwa kumudu sukari, kuliko wenzao. Kule Barbados, watoto waliopata utapiamlo katika mwaka wa kwanza wa maisha, kisha wakapona, bado walitatizika kumakinika walipokaribia umri wa miaka 40.

Hapa nchini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwemo Profesa Nimrod Bwibo, pamoja na wenzao wa Marekani waliwapa wanafunzi wa Embu githeri kuanzia 1998. Wengine waliongezewa nyama, wengine maziwa, wengine mafuta tu. Waliokula nyama walitia fora katika majaribio ya kufikiri, na uwanjani wakachangamka na kuwaongoza wenzao. Basi mwanafunzi anayechapwa kwa uzembe huenda kosa lake ni sahani tupu.

Uthiru ndiko yaliko makao ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI). Ni kinaya kwamba elimu ya maziwa na nyama inapikwa karibu na nyumba za kupanga ambamo mama wa kibarua huhesabu shilingi kabla ya kununua pakiti moja ya maziwa.

Ni kweli hatua zimepigwa. Watoto waliodumaa nchini walipungua kutoka asilimia 35 mwaka wa 2008-09 hadi asilimia 18 mwaka wa 2022. Mpango wa Dishi na County, ulioanzishwa Nairobi mwaka wa 2023, humpa mwanafunzi chakula cha mchana kwa Sh5.

Hata hivyo, mlo huo humfikia mtoto akishaanza shule, ilhali ubongo hujengeka kwa kasi zaidi tangu mimba hadi mwaka wa pili. Mama mjamzito na mtoto anayeachwa kwa mlezi alfajiri ndio wa kufikiwa kwanza.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya lishe. Serikali ikikwepa gharama ya uji leo, itailipa kesho katika kliniki za kisukari.