Walowezi si Waanzilishi, Jamani!

Leo nimechokozeka, mnivumilie.

Nilipokuwa Oregon, Marekani, mwenyeji wangu alinipeleka kucheza jiokashingi. Mtu anaficha kopo au boksi mahali, anatangaza namba za latitudo na longitudo kwenye intaneti, wewe unakwenda na simu yako kulisaka. Ukilipata unasaini kijitabu cha ndani na kulirudisha pale pale. Basi! Watu wazima wenye mvi wanainama vichakani kama watoto waliopoteza gololi. Nilicheka, lakini utamu wake niliuonja. Na mchezo ulizaliwa jimbo hilo hilo. Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS ya raia, na tarehe 3 mwezi huo bwana mmoja, Dave Ulmer, akaficha ndoo karibu na Beavercreek. Ndani mlikuwa na vikorokoro na kopo la maharage.

Boksi letu lilikuwa nyuma ya ukumbi wa wakulima, nyumba ya mbao nyeupe katikati ya mashamba. Na maelezo ya boksi yalikuwa yaleyale ya kibao cha ukutani: waanzilishi walikuja na magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakaikuta nyika tupu, wakaijenga.

Tupu? Tupu ya nani?

Bonde la Willamette lilikuwa la Wakalapuya. Walikuwa wakichoma majani kila mwaka ili nchi iwe wazi na chakula kiote, ndiyo maana wageni walikuta uwanda mzuri hivyo. Mwaka 1850 bunge la Marekani likapitisha sheria ya kugawa ardhi bure: ekari 320 kwa mwanamume Mzungu, 640 akiwa na mke. Wakati huo mikataba na wenyeji ilikuwa haijaidhinishwa. Yaani kiwanja kimegawiwa, mwenye nyumba bado yumo ndani! Mwaka 1856 wakahamishiwa Grand Ronde.

Sisi neno tunalo: walowezi. Waulizeni Wameru waliofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951 kupisha mashamba ya Wazungu. Hakuna mzee wa pale atakayekwambia walikuja "waanzilishi".

Tena sikilizeni hili. Mwaka 1844 alifika huko George Washington Bush, mtu mweusi, na familia yake na mali yake. Alikuwa na kila sifa ya kuandikwa kwenye kibao. Lakini Oregon ilikuwa imepiga marufuku watu weusi kuishi, kwa adhabu ya viboko, ikambidi avuke mto Columbia kwenda kaskazini. Kule akalima, akawalisha majirani Wazungu waliokuwa na njaa. Ilipokuja ile sheria ya ardhi haikumhusu, mpaka bunge likapitisha sheria maalumu kwa ajili yake mwaka 1855. Katiba ya Oregon ya 1857 nayo ikaandika marufuku ile kwa wino. Ilifutwa lini? 1926!

Mwenyeji wangu akanijibu kwamba huu ni mchezo tu, na wazee wanaotunza ukumbi ni watu wema. Ni kweli ni wema, walinipa kahawa na keki ya tufaha, na paa la ukumbi wanalikarabati kwa pesa zao za mfukoni. Sina ugomvi na wazee. Ugomvi wangu ni na huyu kijana aliyeficha boksi, msomi mwenye intaneti mkononi, ambaye hakuna serikali inayomzuia kuandika. Kibao cha shaba kukibadilisha kunahitaji kamati na pesa. Maelezo ya boksi yanabadilishwa kwa dakika tano, ukiwa umekaa kitandani. Yeye kachagua kunakili kibao, na wageni wote wanaofuata namba zake wanaondoka na uongo uleule, wakifurahia matembezi.

Nilimwomba mwenyeji wangu amwandikie. Akasema ataona.

Kwenye kijitabu sikuandika jina langu. Niliandika: George Bush, 1844. Halafu nikaongeza kwenye mabano: siye yule rais. Mwenyeji wangu akasoma, akafunga boksi kimya kimya, akalirudisha nyuma ya ukumbi.