Eksirei 'safi' isikurudishe uwanjani

TANGU sherehe za Madaraka zifanyike Homa Bay mnamo Juni 1, 2025, uwanja wa Raila Odinga umekuwa fahari ya vijana wa huko. Majirani wao wa Migori nao wana historia: Sony Sugar ya Awendo ilitwaa ubingwa wa ligi kuu mwaka wa 2006. Soka huku si mchezo tu. Kwa wengine ni karo, na kwa wengine ni kazi. Lakini goti likijipinda uwanjani, nani anajua kilichokatika?

Mambo huenda hivi. Mchezaji anageuka ghafla, mguu unabaki palepale, anasikia kitu kimelia 'pa!' ndani ya goti. Kufikia jioni limefura. Anawekewa barafu, anakandwa, na akibahatika anapigwa eksirei. Jibu: mfupa uko sawa. Wiki chache baadaye ashavaa daluga.

Hapo ndipo shida inaanzia. Eksirei huonyesha mifupa. Kano, zile kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, hazionekani. Kano ya mbele ndani ya goti, ambayo mashabiki huiita ACL, ikikatika, unaweza kutembea vizuri tu. Ukigeuka kwa kasi, goti linakuponyoka. Kila likiponyoka, linaweza kurarua gegedu lililo katikati ya mifupa. Jeraha moja linakuwa mawili.

Wengi hudhani bila MRI hakuna jibu. Ni kweli MRI huonyesha kano, ila ni ghali na si kila hospitali inayo. Kabla ya mashine kuna mikono. Katika kipimo kiitwacho Lachman, unalala chali, goti likiwa limekunjwa kidogo, nyuzi 20 hadi 30. Mhudumu anashika paja kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anavuta mguu wa chini kuja mbele. Ukisogea kuliko ule mzima, bila kukwama mwishoni, kuna shaka kubwa kwamba kano imekatika. Goti likiwa limefura sana, misuli hukaza na kipimo kinaweza kudanganya. Ndiyo maana hurudiwa uvimbe ukipungua.

Rodri wa Manchester City aliumia dhidi ya Arsenal Septemba 22, 2024. Wiki hiyo hiyo alikuwa ashapimwa na kufanyiwa upasuaji. Hatuwezi kudai kasi hiyo Rongo au Mbita, lakini kuchelewa kwetu si kwa sababu ya mashine pekee. Mashindano ya wadi hupata pesa za jezi, mipira na kombe. Mtu wa kuangalia goti hayumo kwenye bajeti. Wasichana ndio wanaoumia zaidi hapa: tafiti nyingi zimeonyesha wako katika hatari kubwa ya kukatika kano hii kuliko wavulana.

Kaunti zikitaka kukuza vipaji, zianze kwa kuwanoa maafisa wa kliniki na wataalamu wa fiziotherapia katika kipimo hiki, kisha ziwaweke kando ya uwanja siku za mechi.

Na wewe ukiumia, usitoke hospitalini na eksirei tu. Uliza: "Daktari, kano zimepimwa?" Kama bado zinahitaji kuangaliwa, omba tarehe ya kurudi, na usiguse mpira kabla ya siku hiyo, hata kocha akikupigia simu.