Dia ya Pauni 34

Senghenydd ni kijiji kidogo cha bondeni kusini mwa Wales, si mbali na bandari ya Cardiff. Nimekwenda huko kupaona mahali palipokuwa mgodi wa makaa ya mawe ulioitwa Universal, uliofungwa mwaka 1928. Ni matembezi mafupi kwa mguu, lakini mtu hupiga hatua mbili akasimama.

Asubuhi ya tarehe 14 Oktoba, 1913, mgodi huo uliripuka. Walikufa wachimbaji 439, na mwokoaji mmoja baada yao. Leo pana bustani ya ukumbusho, iliyofunguliwa miaka 100 kamili baada ya siku ile, na ukutani majina yao yameandikwa juu ya vigae, kila mtu na umri wake. Nilisoma polepole. Wamo watoto wa miaka 14, umri ambao kwetu mtoto angali chuoni.

Sheria ya mwaka 1911 iliwataka wenye migodi waweke mitambo ya kugeuza mkondo wa hewa, ili moshi ukizuka usiwafuate watu. Universal haikuwa nayo. Mwisho wa kesi, meneja alitozwa faini ya pauni 24, na kampuni pauni 10. Hebu gawanya mwenyewe, ndugu msomaji: kila roho haikufika shilingi mbili! Sisi tunaoijua dia tutauliza, hii ilipimwa kwa mizani gani?

Wala msiba huu usidhaniwe ni wa Wazungu peke yao. Makaa ya mabonde haya ndiyo yaliyoendesha meli za moshi duniani, na miongoni mwa walioyatia tanurini walikuwamo Waislamu wa Yemen na Wasomali, walioajiriwa Aden, wakafanya kazi katika joto lisilosemeka. Baadhi yao walilowea Cardiff, wakaoa, wakazaa.

Mchimbaji wa Senghenydd amepata kigae chake, japo kwa kuchelewa. Je, yule mtia makaa aliyeanguka mbele ya tanuri akazikwa baharini? Naona haifai kungoja serikali wala jumba la makumbusho. Ikiwa nyumbani kwako, Lamu au Mombasa, yuko babu au baba wa babu aliyepata kupanda meli hizo, liandike jina lake, na la meli, na bandari alikoshukia, maadamu bibi anayekumbuka yu hai.